Basi

Kitabu cha kanuni kilitufikia Newala bila jalada,
ukurasa wa kumi na tisa umeliwa na mchwa,
na nadhani ndio huo ulioeleza
ni lini hasa mchezo unakwisha.
Tukajitungia. Asubuhi ya ukungu, tumechuchumaa,
mimi na watoto tukakubaliana:
mpira ukirudi mkononi mwa mrushaji,
naye yumo ndani ya duara la majivu,
na mkimbiaji ametulia,
mwamuzi atainua mkono, aseme: Basi.

Mwamuzi ni mimi. Nafundisha Jiografia.

Vituo vyetu ni magunia ya korosho yaliyotoboka,
matatu, na la nne ndilo nyumbani.
Rungu limechongwa na fundi wa vitanda
kutoka mguu wa kitanda ambacho mteja hakurudi kukichukua.

Jumamosi. Mkondo A na Mkondo B,
kumi na moja kwa kumi na moja,
Somoe yuko gunia la tatu.
Mpira umepigwa, umezama kwenye mihogo,
umetafutwa, umepatikana, umerudi kwa Mfaume Nandonde,
naye kaingia dukuduku zake zote duarani,
kaushika kama yai la kuazima.
Somoe kasimama. Mikono magotini.
Chilumba, mdakaji, akavua kinyago chake
cha waya wa banda la kuku,
akaifuata ndoo,
maana maji ya Newala hayamsubiri mtu.

Na mimi?
Mimi nilikuwa natazama barabarani.
Lori la korosho lilipita kwenda ghalani,
nami nikawaza mnada wa saa nne,
baba yangu na wenzake katika ule uwanja,
wataikubali bei au wataikataa,
mikono yao juu au mikono yao chini.
Wangu ulikuwa mfukoni.

Somoe hakukimbia. Alitembea,
kama anayekwenda kuomba chumvi nyumba ya pili.
Hatua moja. Hakuuangalia mpira,
aliniangalia mimi, aliangalia mfuko wangu.
Mbili.
Tatu.
Ndipo akatoka mbio.

Mfaume akainua mkono arushe,
arushe kwa nani? Nyumbani hapakuwa na mtu,
palikuwa na gunia na vumbi jekundu,
kisha vumbi na Somoe.

"Mwalimu, ulikuwa umekwisha!"
"Alisimama!"
"Alisimama, lakini hakutulia!"
Nikamuuliza mwenyewe: ulitulia?
"Nilikuwa napumua, Mwalimu."

Ningeweza kuuinua mkono pale,
kwa kuchelewa, nijifanye ulikuwa juu tangu mwanzo.
Watoto ishirini walikuwa wananitazama bega.
Nikasema: kumi na mbili. Imehesabiwa.
A wakaruka. B wakatupa kofia.

Mfaume hakupiga kelele.
Alibaki ndani ya duara, majivu kwenye viatu,
mpira mikononi, yote miwili,
amefanya kila tulichokubaliana afanye.
Aliyekosa ni mmoja tu uwanjani,
na ndiye mwenye filimbi.

Usiku baba akarudi, akaweka baiskeli ukutani.
Nikamuuliza bei.
"Hatujainua mikono," akasema, akaomba uji.
Nikalala nikilizungusha lile neno mdomoni:
hilo tunafungia mazungumzo,
hilo hilo tunafungulia sentensi inayofuata.
Basi. Basi, ikawaje?

Jumatatu, kabla ya kengele ya paredi,
Mfaume akaja mlangoni mwa ofisi ya walimu.
Mpira alikuwa nao. Alikwenda nao nyumbani,
alikwenda nao kisimani, mama yake alimgombeza.
"Mbona hukuurudisha stoo?"

"Hukusema, Mwalimu."

Nikaweka chini madaftari ya Kidato cha Pili.
Nikainua mkono, chaki ikanidondoka,
Mwalimu wa Hisabati akageuka kutushangaa.
Nikalisema.

Akaniachia mpira.
Ulikuwa bado una joto.